Kozi ya usingizi imeniambia nipunguze muda wa kitandani. Je, niendelee?

Dada mshauri, habari za kazi?

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari hapa Morogoro. Nina miaka 44, nimeolewa, nina watoto watatu. Nakuandikia kwa sababu nimeshindwa kulala, na sasa nimeshindwa hata na tiba yenyewe.

Ilianza miaka miwili iliyopita nilipokuwa nikimuuguza marehemu mama. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na alipokuwa nyumbani mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja. Usiku nilikuwa nasikiliza pumzi zake. Akikohoa naamka, akinyamaza naamka vilevile. Mama alifariki, tukamzika, arobaini ikapita. Nilidhani usingizi ungerudi wenyewe. Haukurudi.

Saa 3 usiku nimeshapanda kitandani ili niuwahi usingizi. Nagaagaa mpaka saa 5. Nikishikwa, saa 8 usiku macho haya hapa, na hapo ndipo hesabu zinapoanza: nikilala sasa hivi nitapata saa tatu, nikikawia nitapata mbili, kesho nina vipindi vya Kidato cha Nne, nitawafundisha nini? Moyo unaenda mbio. Siku nyingine nasinzia tena kidogo, siku nyingine adhana ya alfajiri inanikuta naangalia chandarua. Nikitoka kazini najilaza kwenye mkeka kufidia, saa nzima wakati mwingine.

Nimekunywa maziwa ya moto na mchaichai, nimesomewa dua. Jirani anasema nimechezewa. Duka la dawa walinipa vile vidonge vidogo vya njano vya mafua na aleji. Mwanzo kimoja kilinilaza vizuri. Sasa nameza viwili na bado nakesha, ila asubuhi nasimama ubaoni kichwa kizito.

Mdogo wangu yuko Uingereza, analea wazee. Akanieleza kuwa huko mtu asiyelala hupewa kozi ya kwenye intaneti, akanielekeza nikapakua programu ya bure. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kujaza kumbukumbu tu. Ikaonyesha kwamba nakaa kitandani saa 8 na nalala saa 5 na dakika 10 kwa wastani. Wiki ya pili ikaniambia nisipande kitandani kabla ya saa 5:30 usiku, niamke saa 11 alfajiri kila siku, Jumapili ikiwemo, na nisilale mchana. Tena nikiona niko macho kitandani niinuke niende chumba kingine. Dada, sebuleni analala mpwa wangu, na ukitoka kwenye chandarua usiku wa manane mbu wanakusubiri. Baada ya siku chache nilikuwa hoi, nikasinzia kwenye kikao cha walimu mbele ya mkuu wa shule. Nikaacha.

Naomba unijibu. Simu ndiyo tunaambiwa kila siku kwamba inaharibu usingizi, inawezaje kuutibu? Asiyelala kuambiwa apunguze kulala, hiyo ni tiba kweli au ni kuniumiza? Presha haitanipanda? Na mume wangu ni dereva wa lori la Zambia, naye akiwa nyumbani analalamika halali vizuri, na anakoroma mno. Nimwingize kwenye kozi tufanye wote?

Mwalimu Mkesha,
Morogoro

*

Mwalimu, pole sana kwa kumpoteza mama, na pole kwa kukesha muda wote huo huku ukifundisha, ukipika na kulea.

Rudi kwenye kozi. Kuna mambo mawili matatu ya kukagua kwanza, nitayataja, lakini jibu langu ni hilo. Hayo maagizo yaliyokukimbiza, ya kuchelewa kupanda kitandani na kuamka saa ileile, ndiyo dawa yenyewe. Mengine yote ndani ya kozi yanayasindikiza hayo. Uliacha mahali dawa inapouma, na karibu kila anayepitia tiba hii huumia hapohapo, wiki ya kwanza na ya pili ya kubana muda. Hukukosea kuifuata, na kuchoka kwako hakukuwa dalili kwamba haikufai.

Ngoja nieleze kwa nini, maana wewe ni mtu wa Hisabati na hutakubali jambo lisilo na njia.

Arthur Spielman, mwanasaikolojia wa New York aliyefanya kazi ya usingizi kwa miaka mingi, alitenganisha mambo ya aina tatu katika kukosa usingizi. Kuna yanayomweka mtu karibu na tatizo, kama tabia ya kuwaza sana aliyozaliwa nayo. Kuna yanayoliwasha: ugonjwa, msiba, kuachishwa kazi, mtoto mchanga. Na kuna yanayolilea, na hayo hasa ni mambo tunayoyafanya ili kujiokoa. Tatizo likiwa changa, la kuwasha ndilo kubwa. Likikomaa, la kuwasha linaweza kuwa limeondoka kabisa na usingizi usirudi, kwa sababu yale ya kulilea yameshika hatamu.

Sasa isome tena barua yako. Kilichoanzisha ni kumuuguza mama, na kukesha kule kulikuwa na kazi, mtu alikuhitaji. Kinachokukesha leo ni kupanda kitandani saa 3 usiku kuuwahi usingizi, kujilaza mchana kufidia, na kukaa ndani ya chandarua ukipiga hesabu. Kila moja ulilianza kwa nia njema, na kila moja linaunyima mwili nafasi ya kuuhitaji usingizi.

Usingizi ni kama njaa. Mtu aliyekula maandazi mawili saa 11 jioni hawezi kuusogelea wali wa usiku kwa hamu, hata upikwe na nani. Saa moja ya kwenye mkeka ndiyo hayo maandazi. Na kupanda kitandani saa 3 usiku ni kukaa mezani kabla njaa haijauma, ukaanza kujilaumu kwamba huna hamu. Kozi inapokwambia usubiri mpaka saa 5:30 usiku, inaiacha njaa ikue. Ndiyo maana ulisinzia kwenye kikao. Mwili uliokuwa umesahau kusinzia ulianza kukumbuka, ila ulikumbuka mahali pasipo pake. Wiki mbili zaidi za kushikilia na usinzio huo kwa kawaida huanza kuhamia usiku.

Kuna jambo la pili linalotendeka hapo. Kitanda chako kimezoea kukuona macho. Umelala juu yake ukiwa na hofu kwa muda mrefu hivi kwamba kukiona tu kunakuamsha. Wengi wananiambia wanasinzia mbele ya televisheni, wakiingia chumbani macho yanakuwa makavu. Richard Bootzin aliliandikia hili mwaka 1972 na kutoa kanuni ambayo kozi zote bado zinaitumia: kitandani ni pa kulala na pa tendo la ndoa, basi. Ukiwa macho, toka. Ukisikia usingizi, rudi. Mwili unafundishwa upya kwamba hapa ni mahali pa kulala.

Nije kwenye simu. Umeuliza swali la haki. Simu inayoharibu usingizi ni ile uliyoishika kitandani ukipitia magrupu ya WhatsApp. Simu ya kozi ni mwalimu wako wa saa 12 jioni, unasoma somo lako, unajaza kumbukumbu asubuhi, halafu unaiacha sebuleni. Kitandani haiingii, hata kwa kuangalia saa. Kama unaitumia kwa kengele, tafuta saa ya mezani ya bei nafuu na uigeuzie ukutani, maana hesabu zile za usiku wa manane zinaanzia kwenye kuangalia saa.

Wala usidhani ni jambo la kubahatisha la mitandaoni. Tiba hii ya fikra na tabia, ambayo watu wa fani wanaiita CBT-I, ilianza ana kwa ana, mtaalamu na mgonjwa, ndipo ikapelekwa kwenye kompyuta na simu kwa sababu wataalamu hawatoshi popote duniani. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilielekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanzishiwe tiba hii kabla ya vidonge. Wataalamu wa usingizi wa Ulaya walisema hivyohivyo mwaka 2017, na walipopitia upya mwongozo wao mwaka 2023 waliikubali itolewe ana kwa ana au kidijitali. Huko aliko mdogo wako, taasisi ya NICE inayoishauri huduma ya afya ya taifa iliipitisha mwaka 2022 kozi ya mtandaoni ya Sleepio, itumike badala ya vidonge vya usingizi na badala ya ule ushauri wa kawaida wa maziwa ya moto na chumba chenye giza.

Huo ushauri wa kawaida nina neno nao, kwa sababu umekupotezea muda na unawapotezea wengi. Nchini Norway walifanya utafiti uliotolewa mwaka 2020 kwa watu 1,721. Kundi moja lilipewa kozi ya kwenye intaneti, kundi lingine likapewa kurasa za maelezo kuhusu usingizi mzuri. Waliopewa kozi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa maelezo. Kupunguza chai ya jioni ni jambo jema, na nakuomba chai ya rangi ya magharibi uiache, maana baada ya muda wa saa tano hivi karibu nusu ya kafeini, kile kichangamshi cha kwenye chai, huwa bado iko mwilini. Lakini mtu ambaye tatizo lake limeshakomaa haponi kwa mchaichai. Anahitaji ratiba.

Nikwambie na upande wa pili. Wengi huanza kozi hizi na hawazimalizi, na wanaosaidiwa na mtu, hata kwa simu ya dakika chache kwa wiki, kwa kawaida hufika mbali zaidi kuliko wanaobaki peke yao na programu. Kwa hiyo mpe mdogo wako kazi. Kila Jumapili akupigie, umsomee namba za wiki. Asikushauri, asikuhurumie sana, asikilize tu namba na akuulize kama umeshikilia saa ya kuamka.

Namba zenyewe zinakwenda hivi. Ulikaa kitandani dakika 480 na ukalala dakika 310, karibu asilimia 65. Mtu anayelala vizuri huwa juu ya 85. Kozi ikakupa dakika 330, kuanzia saa 5:30 usiku hadi saa 11 alfajiri. Tuseme wiki ya kwanza umelala wastani wa dakika 290. Utaona ni pungufu ya zamani na utataka kulia, lakini piga hesabu: 290 kwa 330 ni karibu asilimia 88. Hapo unaongezewa dakika 15, wiki inayofuata unapanda kitandani saa 5:15 usiku. Ikibaki juu ya 85, dakika 15 nyingine. Programu nyingine hutaka 90 kabla ya kuongeza, fuata ya kwako. Ukiwa unapanda kila wiki, baada ya wiki nne unalala kuanzia saa 4:30 usiku, na safari hii ni kulala kweli, si kugaagaa. Ikishuka chini ya 80, muda unabanwa kidogo tena, lakini hakuna kozi ya heshima itakayokupeleka chini ya jumla ya saa 5 kitandani. Ikitokea programu inakwambia hivyo, iache.

Kumbukumbu zijaze asubuhi baada ya chai, kwa kukisia: ulipanda saa ngapi, ulikawia kama muda gani kushikwa, uliamka mara ngapi na kwa jumla ya muda gani, uliamka moja kwa moja saa ngapi, ulitoka kitandani saa ngapi. Makisio yanatosha. Anayeamka kuangalia saa ili ajaze vizuri anajiharibia. Kama bando likiisha, chora safu hizo kwenye daftari, hesabu unaijua. Ukirudi kwenye programu kumbuka inataka saa za kizungu: saa 5:30 usiku ni 23:30, na ukikosea hapo ratiba yote inapinda.

Katika yote, saa ya kuamka ndiyo msumari. Wewe tayari unayo adhana ya alfajiri, itumie. Hata usiku uliokesha, hata Jumapili, hata ukiwa umeshikwa na usingizi saa 10 alfajiri, adhana ikilia unatoka kitandani, unaswali, unafungua dirisha. Mchana hakuna mkeka. Kama macho yanafumba saa 9 mchana, simama, tembea, nenda kwa jirani, panga madaftari ya wanafunzi. Kuanzia saa 2 usiku vilevile, ukikaa kwenye kochi chini ya feni utasinzia na kazi ya siku nzima itapotea. Pasi nguo za shule, chambua mchele wa kesho. Na usiianze ratiba hii Ramadhani ikiwa imekaribia, kwa sababu daku itaikata katikati.

Suala la chumba kingine na mbu limenigusa, kwa sababu kanuni hii iliandikwa kwa nyumba za watu wenye vyumba vya ziada. Sisi tunalala tulivyo. Ninachotaka mimi ni kwamba usilale macho, si kwamba uhame chumba. Weka kiti au stuli kando ya kitanda kabla hujalala, na juu yake dera la mikono mirefu, soksi na khanga. Paka dawa ya mbu miguuni kabla ya kulala. Ukiona umekaa macho muda kama wa dakika 20, kwa kukisia, au moyo umeanza mbio hata kabla ya hapo, toka ndani ya chandarua, kichomeke vizuri nyuma yako, vaa, kaa kwenye hicho kiti. Taa hafifu. Fanya kitu cha mkono kisichokuamsha: kufuma, kukunja nguo, tasbihi. Usisahihishe mitihani. Macho yakianza kuwa mazito, rudi. Ukiamka tena, toka tena. Siku za mwanzo utatoka mara nyingi na utanilaumu. Na kama hata kiti hakina pa kukaa, keti wima kitandani upande wa miguu, mgongo ukutani, ndani ya chandarua hichohicho. Si kamili kama kutoka, lakini ni bora mara nyingi kuliko kulala chali ukihesabu.

Hizo hesabu nazo zina dawa yake ndani ya kozi, na naomba usiziruke sura hizo ukadhani ni maneno matupu. Saa 12 jioni, kwa muda wa robo saa, kaa na daftari. Andika kila kinachokusumbua: ada, vipindi, kaburi la mama halijajengewa. Mbele ya kila moja andika hatua inayofuata hata iwe ndogo, au andika "hili halina la kufanya leo". Funga daftari. Likikujia saa 8 usiku, unajua limeshaandikwa. Kisha lichukue lile wazo kuu, "nisipolala nitawafundisha nini", ulipime na ushahidi. Umefundisha miaka miwili ukiwa hujalala. Vipindi umevikosa vingapi? Somo halikuwa zuri kama ungependa, ndiyo, lakini uliingia darasani na watoto walitoka na kitu. Wazo lile linakuambia kwamba kesho itaharibika yote, na kesho haijawahi kuharibika yote. Sikuambii ujifariji. Nakuambia upige hesabu sahihi, kwa sababu ile ya usiku wa manane unaipiga kwa hofu.

Kuhusu jirani anayesema umechezewa: dua endelea nayo, inakutuliza na ni haki yako. Ila usikubali kuingizwa hofu mpya wakati wa kulala, na usimpe mtu fedha kwa ajili ya hilo. Historia ya tatizo lako inaonekana yote, tangu kitanda cha mama hadi leo.

Vidonge vya njano viache. Ni dawa ya aleji inayoleta usinzio pembeni, na mwili unauzoea usinzio huo upesi, ndiyo maana kimoja kimekuwa viwili. Uzito wa asubuhi ni dawa ambayo bado haijatoka mwilini. Rudi kwenye kimoja kila usiku kwa muda wa wiki moja, halafu uache kabisa, na mjulishe daktari. Nazungumzia vidonge hivyo tu. Msomaji mwingine anayemeza vidonge vya usingizi vya aina ya diazepamu kwa muda mrefu asiache ghafla kwa kusoma hapa, kuna hatari ya degedege. Hivyo hupunguzwa polepole chini ya daktari.

Sasa yale ya kukagua. Presha nenda ukapime wiki hii, zahanati yoyote. Kukosa usingizi kwa miaka ndiko kunakohusishwa na presha, na ndiyo sababu nyingine ya kulimaliza, lakini ikiwa tayari iko juu daktari ajue kabla hujabana muda. Mwambie pia kama unakwenda haja ndogo mara nyingi usiku, maana inaweza kuwa sukari, na kama unaamka umelowa jasho, kwa umri wako inaweza kuwa dalili za kukaribia kukoma hedhi, nazo zina msaada wake. Mwenye kifafa, mjamzito, au aliyewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, halali siku kadhaa na hachoki, asijibane muda mwenyewe kwa programu. Kukesha kunaweza kuchochea maradhi hayo. Na kama huzuni ya mama imekuwa nzito kiasi cha kutotaka kuishi, usingoje kozi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nimeacha suala la mumeo mwisho kwa sababu hapo jibu ni hapana. Asiingie kwenye kozi hii. Dereva wa lori hawezi kubanwa muda wa kulala halafu akapandishwa mlima wa Kitonga. Usinzio ule ulioupata kwenye kikao, yeye ataupata akiwa na tani kadhaa nyuma yake. Zaidi ya hapo, anayekoroma mno na kulalamika kwamba usingizi haumtoshi huenda hana tatizo lako kabisa. Akirudi safari hii msikilize usiku: je, mkoromo unakatika, pumzi zinasimama kwa sekunde kadhaa, kisha anashtuka kama anayekabwa? Asubuhi kichwa kinamuuma? Anasinzia akikaa tu? Ukiona hivyo ni tatizo la pumzi usingizini, lina vipimo vyake na tiba yake, na linasababisha ajali. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa kabla hajachukua mzigo mwingine, na kama unaweza mrekodi kwa simu hata dakika chache daktari asikie. Mkoromo wake pia unaweza kuwa unakuamsha wewe. Wiki zako za mwanzo, akiwa nyumbani, ombeni mpangilio wa kulala vitanda tofauti bila ugomvi, na umweleze ni kwa ajili ya nini asije akafikiri vingine.

Kwa wasomaji wengine mnaotaka kuanza: ipo programu ya Insomnia Coach, imetengenezwa na idara ya serikali ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu, ni ya bure kwa mtu yeyote na ina mpango wa wiki tano. Ni ya Kiingereza, kwa hiyo asiyekisoma vizuri atafute mtoto wa shule amsomee. Tatizo lenu liwe lile la usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi. Aliyekosa usingizi wiki hii kwa sababu ya msiba au mtihani haihitaji. Aendelee kuamka saa yake ya kawaida na ajizuie kuanza kulala mchana.

Mwalimu, anza upya Jumamosi, usiku ambao kesho yake huna vipindi. Mweleze mkuu wa shule kwamba uko kwenye tiba ya wiki sita hivi na mwanzoni utakuwa mchovu, asije akahesabu kusinzia kwako kuwa uzembe. Jikoni siku hizo mafuta ya moto mwachie binti mkubwa. Nipe namba zako baada ya wiki ya tatu. Kama umeshikilia saa zote na bado uko chini ya asilimia 80, lichukue daftari uende nalo kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa. Mtaalamu akiziona hizo wiki tatu atajua pa kuanzia.